Rangi Husema Ikikauka

Niliporudi baada ya siku nne, upande wote wa dereva ulikuwa umejaa pete nyeupe. Gari langu ni la buluu nzito, ile buluu ambayo ikifika jioni unaidhania nyeusi, na rangi ya namna hiyo haijui kuficha. Nilikuwa nimeliegesha kando ya bustani inayomwagiliwa kwa bomba la kuzunguka, lile linalorusha maji hewani kama mvua ya rasharasha. Maji yenyewe yalikuwa ya kisima. Kila alfajiri bomba lilipiga duara zake, upepo ukasukuma manyunyu hatua chache pembeni, yakatua milangoni na juu ya boneti, kisha jua likapanda na kuyakausha. Kesho yake hivyo hivyo. Mara nne, mahali pale pale.

Nililiosha siku ile ile. Ndoo mbili, shampuu ya gari, taulo safi. Likiwa bado linachuruzika niliinama nikautazama mlango wa mbele kwa upande, shavu likikaribia kuugusa. Uling'aa kama kioo. Hapakuwa na pete hata moja. Nikashusha pumzi. Kisha nikaanza kukausha, na kila taulo lilipopita pete zikawa zinarudi, moja baada ya nyingine, kana kwamba ni taulo linalozichora.

Tangu siku ile nimelitazama jambo hilo mara nyingi na bado linanishika. Maji yakitanda juu ya rangi hujaza kila kishimo na kufunika kila kiukoko, uso ukawa mmoja, mwanga ukarudi umenyooka, na jicho likaridhika. Yakiondoka, uso halisi unabaki peke yake na mwanga unatawanyika kila unapokuta ukingo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha gari limelowa na kukwambia limepona, bado hajakuonyesha kitu. Subiri likauke.

Pete zile ni mawe. Sisemi hivyo kwa mafumbo. Mvua ikishuka hubeba kaboni dayoksaidi kutoka hewani, ikipita kwenye udongo inaongeza nyingine, na maji hayo yenye asidi kidogo yakikutana na mwamba wa chokaa yanaumumunya polepole. Kalsiamu na magnesiamu zinaingia ndani ya maji bila kuonekana. Ndiyo maana tunayaita maji magumu: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko. Kipimo kinachotumika sana husema hivi: maji yenye miligramu 60 au chini ya hapo za madini hayo kwa lita, yakihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ni laini, kutoka 61 hadi 120 ni ya wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Chukua maji ya miligramu 300. Gari uliloliosha ukaliacha lijikaushe linaweza kubaki na nusu lita ya maji mwilini. Maji yatapaa, miligramu 150 za unga wa mawe hazina pa kwenda.

Na kwa nini pete, kwa nini unga usijitandaze sawasawa? Mwaka 1997 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walilieleza jambo hili katika jarida la Nature, wakianzia na doa la kahawa iliyomwagika mezani. Tone likikauka, ukingo wake hukauka haraka kuliko katikati, lakini ukingo umeng'ang'ania pale ulipo na hauwezi kurudi nyuma. Basi maji ya katikati yanakimbilia pembeni kujaza pengo, na kila kilichomo kinabebwa nayo. Mwisho wa safari madini yote yamerundikana kwenye mzunguko mmoja mwembamba. Sasa kila nikiona pete mlangoni naiona ile safari: mkondo mdogo, ndani ya tone moja, ukisomba mawe kuyapeleka ukingoni.

Hadi hapo hakuna lililoharibika. Mawe yamekaa juu ya rangi tu, na kilichokaa juu hushuka. Balaa linaanza yakiachwa.

Kuna jambo ninalopaswa kulisema kabla sijaendelea, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mimi sikuanza na kuuliza. Nilianza na mashine. Rafiki yangu aliniazima mashine ya kupolishi, ile ya zamani inayozungusha pedi upande mmoja kwa nguvu, na chupa ya kampaundi nzito, dawa kali ya kukwangua uso wa rangi. Niliweka pedi ya sufi, nikaikandamiza juu ya boneti. Pete zikaanza kupotea mbele ya macho yangu na furaha ikanipanda. Nikausogelea ule mgongo uliochongoka kwenye boneti, pale bati linapokunjika, na kwa kuwa pale palikuwa na madoa mengi nikabaki hapo hapo kidogo. Nilipoinua mashine, pedi ilikuwa na buluu.

Kwa asiyezijua rangi za magari, buluu hiyo haisemi lolote. Mtu ameng'arisha gari la buluu, pedi imekuwa ya buluu. Lakini magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yana tabaka mbili juu ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia bati: chini rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba na haing'ai, na juu yake klia, isiyo na rangi yoyote. Mng'ao wote unaouona ni wa klia. Ukiipolishi, uchafu unaobaki kwenye pedi unatakiwa uwe mweupe au wa kijivu. Ukiona rangi ya gari, klia imekwisha. Umeshatoboa.

Klia hiyo ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida ni kati ya maikroni 35 na 50, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kwenye bati hadi juu kabisa, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150. Ndani ya klia mna kemikali za kuzuia miale ya urujuanimno ya jua isiichome rangi iliyo chini yake. Ukiila klia unakula kinga hiyo pia, na huwezi kuirudisha kwa kupaka kitu cha chupani. Kwenye migongo na kingo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu rangi ikiwa bado mbichi hujivuta na kuiacha kona ikiwa nyembamba kuliko uwanda. Kona ambayo mimi niliikalia.

Magari ya zamani ni hadithi nyingine, na naitaja kwa kuwa mtu mwenye gari la namna hiyo anaweza kuogopa bure. Kampuni ya General Motors ilipoanza kupiga rangi ya Duco ya DuPont kwenye magari yake ya chapa ya Oakland ya mwaka 1924, ajabu yake ilikuwa kasi: rangi za kabla yake zilichukua hata wiki kadhaa kukamilika, hii ilikauka upesi. Rangi zile, na nyingi zilizofuata kwa miongo, zilikuwa na rangi na mng'ao ndani ya tabaka lile lile. Ukizipolishi, pedi lazima ichukue rangi, na hilo halina kasoro yoyote. Ukishika gari usilolijua, sugua kwa kidole na polishi kidogo mahali pa siri, chini ya ukingo wa mlango, uone kitambaa kinasema nini.

Baada ya kuiona ile buluu nilizima mashine nikaenda kwa fundi wa rangi, mzee ambaye amepiga magari rangi tangu enzi za rangi za tabaka moja. Nilimwamkia, nikamwonyesha boneti, kisha nikamwonyesha milango ambayo sikuwa nimeigusa. Alipitisha kiganja mlangoni taratibu, kisha ukucha wa kidole gumba.

"Mwanangu, hapa kuna madoa ya namna mbili na wewe umeyapiga yote dawa moja," alisema.

Akaomba siki nyeupe na kitambaa. Alichanganya siki na maji safi yasiyo na madini, nusu kwa nusu, akalowesha kitambaa, akakiweka juu ya pete tano zilizokuwa karibu karibu chini ya kioo cha mlango. Tulisubiri kama dakika moja. Alipoinua pembe ya kitambaa niliona vipovu vidogo sana, vya kuhitaji kukodoa macho, vikitoka kwenye ukingo wa pete moja. Hiyo ni kaboni dayoksaidi. Gesi ile ile iliyosaidia kuliyeyusha jiwe chini ya ardhi ilikuwa inaondoka, kwa sababu asidi ya siki imelivunja jiwe. Alisuuza kwa maji mengi, akakausha, akanyamaza hadi pakakauka kabisa. Pete tatu hazikuwapo. Mbili zilibaki, lakini zilikuwa zimebadilika: weupe umetoka, kumebaki kivuli cha duara ambacho ukisogeza kichwa kinapotea, ukirudi kinarudi.

"Hizo tatu zilikuwa zimekaa. Hizi mbili zimekula."

Maneno hayo mawili, kukaa na kula, yananitosha mpaka leo, na sijapata bora kuliko hayo. Doa lililokaa ni mzigo juu ya klia. Doa lililokula ni bonde ndani ya klia, na bonde huwezi kulitoa kwa sabuni, siki wala kwa dawa yoyote, kwa sababu hakuna kitu cha kutoa. Kilichotoka kimeshatoka. Njia ni moja tu: kushusha klia iliyolizunguka mpaka uso ulingane na sakafu ya lile bonde. Hapo ndipo swali linakuwa zito: bonde lina kina gani, na klia iliyobaki ni kiasi gani?

Wanaofanya kazi hii kwa undani huongeza namna ya tatu, bonde lenye kina kiasi kwamba ukucha unakwama ndani yake. Hilo usilifukuze kwa mashine. Utakutana na rangi kabla hujakutana na sakafu yake.

Maji huwezaje kula rangi? Hata mvua safi ina asidi kidogo, pH yake, kipimo cha asidi ambacho 7 si asidi na kikishuka asidi inazidi, huwa karibu 5.6 kwa sababu ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka humo. Hewa yenye moshi wa viwanda na magari huongeza salfa dayoksaidi na oksaidi za naitrojeni, na mvua inazidi kuwa kali. Bado tone likiwa zima ni jepesi. Ila tone halibaki zima. Linapungua, maji yanaondoka, asidi na chumvi zinabaki na kuzidi kukolea ndani ya nafasi ndogo, hadi dakika za mwisho kilichobaki kwenye rangi ni kitu kikali kuliko kilichoanguka. Na hayo yote yanatokea kwenye bati la moto. Gari jeusi au buluu nzito likikaa kwenye jua kali, boneti yake huweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Klia ikipata joto hulainika na kutanuka. Ikipoa jioni inajikaza huku uchafu ukiwa bado umo mdomoni mwake. Kinyesi cha ndege hufanya kazi yake kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana alama yake mara nyingi huwa na nyufa ndogo ndogo kama za tope la ziwa lililokauka.

Kuna watu wanaosema tone la maji ni lenzi, kwamba linakusanya jua na kuichoma rangi. Nami niliamini hivyo. Lakini tone lililokaa juu ya bati limebonyea, na mahali linapokusanyia mwanga ni mbali chini ya uso wa rangi, si juu yake. Lawama ni ya joto na mkusanyiko wa kemikali. Hili si la kubishania tu, kwa sababu anayeamini lenzi atakwepa kuosha gari mchana lakini ataliacha lijikaushe usiku bila wasiwasi, na madini hayajali kama ni usiku.

Kwa hiyo tulianza upya, safari hii kwa mpangilio ambao ningetamani ningeupata kabla ya kuazima mashine.

Gari liliwekwa kivulini, tukagusa bati kwa mgongo wa kiganja kuhakikisha limepoa. Likaoshwa, likakaushwa. Siki ikapakwa sehemu kwa sehemu, mlango mmoja, kisha nusu ya mwingine, dakika moja au mbili, bila kuiacha ikauke. Kila sehemu ikasuuzwa sana, kisha mwisho gari zima likaoshwa tena kwa shampuu ili asidi isibaki kwenye mianya ya mipira na vipande vya alumini. Pale ukoko ulipokuwa mkaidi alirudia mara ya pili na ya tatu, hakusugua. Siki ya jikoni ina asidi asilimia 5 hivi, ni dhaifu, na udhaifu huo ndio faida yake: inakupa muda wa kukosea kidogo bila kuadhibiwa. Sehemu ya madini ya maji ni silika, ile ya mchanga na kioo, na hiyo haiyeyuki kwa siki. Pete nyembamba ikibaki baada ya mara tatu, ongeza subira ya hatua inayofuata, usiongeze ukali wa asidi.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Zipo dawa za madukani za kuondoa madoa ya maji na kusafishia rimu ambazo ndani yake mna asidi ya haidrofluoriki au chumvi zake. Zinafanya kazi, tena haraka. Lakini asidi hiyo hupenya ngozi, mara nyingi bila maumivu mwanzoni, ikaenda kushika kalsiamu ya mwilini na mifupani, na inaweza kuua. Soma lebo. Ukiona jina lake au neno bifluoridi, irudishe ulipoitoa. Hakuna mlango wa gari unaostahili mkono wa mtu. Na siki yako isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, zikichanganyika hutoa gesi ya klorini.

Baada ya siki ukafuata udongo. Huo ni udongo wa kusafishia rangi, laini kama ule wanaochezea watoto, ila umechanganywa na chembe laini za kukwangua. Fundi alinipa mfuko mwembamba wa nailoni, akaniambia niuvae mkononi kisha nipapase boneti iliyokwisha kuoshwa. Kwa kidole kitupu boneti ilikuwa laini. Kupitia nailoni nilihisi chembe kila mahali, kama nimepitisha mkono juu ya msasa mzee. Tulinyunyiza maji yenye shampuu, tukateleza na udongo kwenda na kurudi, bila kukandamiza, na mwanzoni ulitoa mkwaruzo mdogo wa sauti, kisha sauti ikafifia, kisha kimya. Kimya ndiyo alama ya kuhamia sehemu nyingine. Udongo ukianguka chini, tupa. Ukiupenda kiasi cha kuuokota utakuchorea gari zima.

Mashine ya pili haikuwa ile ya kuazima. Hii pedi yake inazunguka huku ikiyumba, mizunguko miwili kwa pamoja, na ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka yenyewe. Haichomi upesi. Kabla ya kuiwasha tulipima. Kipimo cha unene wa rangi kinakaa kiganjani, unakigusisha kwenye bati kinakupa namba. Katikati ya boneti kilisoma maikroni 118. Mlangoni 121. Kwenye ule mgongo, mahali pa msiba wangu, 84. Namba hiyo ni ya tabaka zote kwa jumla, kipimo hicho hakiwezi kukwambia klia peke yake ni ngapi, na watu wengi hujidanganya hapo. Kinachokusaidia ni kulinganisha: mahali ambapo namba imeshuka ghafla, kuna mtu amepita kabla yako. Ikipanda ghafla hadi mia mbili na zaidi, gari limeshapigwa rangi upya, au chini yake kuna pati, ile ya kujazia bati lililobonyea.

Tukachagua kipande kimoja cha mlango, upana wa mikono miwili, tukakizungushia utepe wa karatasi. Hapo tulianza na kitu dhaifu kuliko vyote tulivyokuwa navyo: pedi laini ya sponji na polishi nyepesi. Tulipita mara tano, kwenda na kurudi, kisha juu na chini, mkono ukisogea polepole kama mtu anayepiga pasi shati la sherehe. Tukafuta. Tukafuta tena kwa pombe ya kusafishia iliyopunguzwa kwa maji, kwa sababu polishi ina mafuta, na mafuta yanajaza mabonde kama maji yanavyojaza. Ukilikagua gari kabla ya kuyatoa unarudi kule kule kwa gari lililolowa. Kisha taa, ikimulika kwa pembeni. Vivuli vya pete vilikuwa vimepungua nusu. Tukaongeza hatua moja tu: pedi ngumu kidogo, polishi ile ile. Robo ikabaki. Hatukwenda kwenye kampaundi mlangoni kabisa, na nusu saa ya majaribio kwenye kipande kile ndiyo iliyotupa jibu la gari zima.

Kazi ya namna hii inaweza kuondoa maikroni mbili au tatu. Inasikika kama si kitu. Lakini ukiwa na klia ya maikroni 40, na kinga ya jua unayotaka ibaki, hesabu yako ni ya mara chache katika maisha ya gari, si ya kila mwezi. Ninapomsikia mtu akijisifu kwamba gari lake hupigwa mashine kila baada ya muda mfupi ili liwe jipya, naumia. Anachokimaliza ndicho hicho anachokipenda.

Paa lilikuwa na ugonjwa mwingine, nalitaja kwa haraka. Lilikuwa limefifia na ukipitisha kidole unahisi ukavu kama wa chaki. Hilo ni jua. Pale ambapo klia imekauka tu juu juu, polishi huirudishia uhai. Pale inapobanduka kama ngozi iliyoungua, ikiwa na ukingo mweupe unaoweza kuunyanyua kwa ukucha, hakuna polishi wala nta itakayoigandisha. Hapo ni kupiga msasa na kupiga rangi upya, na anayekuahidi vingine anakuuzia wiki mbili za mng'ao. Paa langu lilikuwa la kundi la kwanza, nashukuru.

Vioo navyo vilikuwa na pete. Siki ilitoa nyingi, zilizobaki tulizisugua kwa unga wa seriamu oksaidi, ule unaotumika kung'arishia vioo na lenzi. Kioo ni kigumu kuliko klia, subira yake ni ya mkono zaidi kuliko ya akili.

Mwisho ilipakwa kinga. Mimi nilichagua nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, nta ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 hivi. Inafaa muda mfupi, wiki kadhaa, halafu inatakiwa tena, na kuipaka kila mara kunanilazimisha kulikagua gari kwa vidole. Wengine hupaka koti za silika ambazo hudumu kwa miaka. Ni nzuri, sizipingi. Ninachopinga ni ahadi kwamba ukizipaka maji hayataacha doa. Koti hizo hufanya maji yajikunje yakawa matone manene yaliyosimama, nayo yakiachwa kwenye jua yanakusanya madini yote kwenye sehemu ndogo zaidi. Gari lenye koti bado linahitaji kukaushwa.

Kwa kuwa nimeulizwa na jirani zaidi ya mmoja, siku hizi ninaosha hivi. Asubuhi au jioni, kivulini, sehemu moja moja bila kuiacha ikauke ikiwa na sabuni. Mwisho kabisa natoa kichwa cha mpira wa maji, nashika mpira mtupu, nauelekeza juu ya paa maji yatoke kwa utulivu yatelemke kama shuka. Shuka la maji linashuka na matone yake, likaacha machache ya kukausha. Kisha taulo kubwa la maikrofaiba, nalitandaza na kulivuta, silisugui. Mianya ya vioo vya pembeni na vitasa napuliza, kwa sababu tone lililojificha humo litatoka nikiwa njiani na kuchora mstari. Nikikuta gari limerushiwa maji na limeshakauka, sifuti kwa kitambaa kikavu hata kama nina haraka. Mawe yale yakisuguliwa makavu yanakuwa msasa. Nasuuza kwanza.

Lile bomba la bustani nalo bado linazunguka kila alfajiri. Ninaegesha upande wa pili.

Mgongo wa boneti haujapigwa rangi. Fundi alinishauri tuupulizie klia kidogo mahali palipotoboka ili jua lisiendelee kuila rangi, akafanya hivyo kwa mkono mwepesi, na mtu asiyejua akipita hataona. Pembeni yake, upana wa vidole viwili kutoka kwenye ukingo, kuna pete moja iliyokula. Kipimo pale kilisoma 91. Fundi aliitazama, akanitazama, akaniachia mashine mkononi niamue. Niliizima. Nikaipaka pete nta kama sehemu nyingine zote, na jioni taa ya barazani ikiwaka kwa upande, gari likiwa kavu, huwa naiona.